Nywele nyekundu za kupaka, nataka zifike kahawia nikiwa nyumbani, bajeti elfu 30. Nifanyeje?

binti_mbagala

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada maana nimekwama na muda unaenda. Mwezi wa pili nilipaka nywele nyekundu, ile inayowaka kabisa, na kabla ya hapo nilikuwa nimepaka damu ya mzee mara mbili kwa hiyo hii nyekundu imekalia damu ya mzee, mwezi wa nne nikarudia tena nyekundu maana ilianza kupauka. Nilizipenda sana sikatai. Sasa dada yangu ana sendoff wiki tatu zijazo na sare yetu ni kijani ya zumaridi, juzi nimejaribisha gauni kwa fundi nikajiangalia kwenye kioo, nyekundu na ile kijani vinapigana, macho yote yanaenda kichwani kwangu wakati siku ni ya dada. Nataka ziwe kahawia ya mwanga kama asali.

Jumamosi nikanunua boksi la rangi limeandikwa kahawia ya mwanga, nikapaka kichwa kizima, kofia ya nailoni juu, dakika 40. Kuosha naona ile nyekundu haijashuka hata kidogo, tena kama imekolea, ila huku kwenye mashina ambako nywele nyeusi zilikuwa zimeota kama vidole viwili ndo kumekuwa na rangi ya kutu hivi. Nahisi nimeuziwa feki. Saluni moja ya huku wameniambia laki na themanini kuzitoa, mi nina elfu 30 na hapo la boksi nimeshatoa. Jirani yangu ananiambia nichanganye jiki kidogo na limau nipake dakika tano tu zinashuka. Kuna aliyewahi kufanya? Nywele zangu zikivutwa zinafika kidevuni.

mama_wawili

JIKI HAPANA. Tafadhali mdogo wangu kabla hujasoma kitu kingine chochote humu, hapana. Jiki ni ya mashuka. Ukiweka kwenye nywele haitoi rangi kistaarabu, inayeyusha nywele yenyewe na ngozi inaungua, na ukichanganya na limau ndo mbaya zaidi maana inatoa gesi ya klorini, ukiwa kwenye kibafu kidogo kisicho na dirisha unaweza kushindwa kupumua. Mwambie na jirani asiwe anawaambia watu hivyo.

fundi_rangi_mza

Dada pole sana. Nipo Mwanza, nafanya kazi ya nywele mwaka wa 11 huu na rangi ndo naipenda kuliko kusuka, hiki kilichokukuta nakiona karibu kila mwezi.

Kwanza boksi lako sio feki. Limefanya kazi yake kabisa, ushahidi ni hayo mashina. Kitu ambacho boksi haliandiki ni kwamba rangi haitoi rangi. Ukipaka kahawia ya mwanga kwenye nywele nyeusi ya kuzaliwa nayo inaifungua kidogo, yaani inapunguza weusi, ndo unapata hiyo ya kutu, ila ukiipaka juu ya rangi nyingine ya dukani haiwezi kuiondoa, inakaa juu yake tu. Na mashina yamewahi zaidi kwa sababu yako karibu na ngozi, joto la kichwa linaiharakisha dawa. Kwa hiyo ukienda kununua boksi jingine la mwanga zaidi utapata hayo hayo, mashina yanang'aa na nyekundu iko pale pale, usitupe hela.

Pili, asali ndani ya wiki tatu kutoka kwenye nyekundu juu ya damu ya mzee, kwa elfu 30, nyumbani, nakuambia ukweli kama mdogo wangu, sikushauri. Nywele yenye rangi nyeusi ndani yake ikifunguliwa haiendi moja kwa moja kwenye asali, inapita njia yake, inakuwa nyekundu iliyopauka, halafu chungwa, halafu chungwa ya njano, halafu njano. Asali iko huko karibu na njano. Kahawia unaweza kuipata ukiwa umefika kwenye chungwa tu, halafu hiyo chungwa unaizima kwa rangi yenye ujivu. Watu wengi wanaharibu nywele kwa sababu wakiona chungwa wanadhani wamekosea, wanapaka blichi, ile dawa ya saluni ya kufungua rangi, tena na tena, kumbe pale ndo pa kusimama.

Kabla sijakuambia cha kufanya nijibu haya mawili na usinifiche: nywele zina dawa ya kulainisha? Hata kama uliacha, uliacha lini? Na umewahi kupaka hina?

binti_mbagala

Asante sana fundi, na asante mama wawili, jiki nimeacha. Hina sijawahi. Dawa niliacha mwezi wa nane mwaka jana na sijazikata, kwa hiyo ncha bado zina dawa, zile za mwisho zimelala na huku juu zina kipilipili. Ina shida?

nuru_wa_kisauni

Shoga yangu hapo kwa hina umeponea. Mimi ni wa Mombasa, huku kwetu hina ni tangu utotoni, na naomba niseme kwa yeyote anayesoma hapa akiwa na nywele nyekundu za hina: hiyo usiiguse na blichi mpaka ujue ilikuwa hina gani. Hina ya majani tupu inashika kwenye nywele kabisa, haitoki kwa kuosha, wewe ngoja tu zikue ukate. Lakini kuna hizi za pakiti zimeandikwa hina ya kahawia, hina ya maharuni, hina ya sijui nini, nyingine zimetiwa chumvi za madini. Binamu yangu alipaka hiyo, baadaye akatiwa peroksaidi, ile dawa ya maji inayochanganywa na rangi au blichi, kichwani, wallahi kichwa kilianza kupata moto kama sufuria na mvuke ukatoka, tukamkimbiza chini ya bomba. Nywele za upande mmoja zilitoka mkononi. Na piko ni hivyo hivyo, piko siku hizi mara nyingi ni rangi ya nywele ya unga, haina majani ndani yake, inababua ngozi za watu wengi.

Samahani nimeingilia, nilitaka tu lisipite bila kusemwa.

fundi_rangi_mza

Hujaingilia Nuru, ndo maana niliuliza.

Binti, shida ipo na ni hizo ncha. Dawa ya kulainisha imeshavunja vifungo vya ndani ya nywele ndo maana zimelala. Blichi nayo inavunja. Ncha yenye dawa, yenye damu ya mzee mara mbili, nyekundu mara mbili na juzi umeongeza boksi, ukiitia blichi inakatika, na haikatiki kwa mstari mzuri, inakatika juu juu popote inapotaka. Una njia mbili. Ama uzikate ncha zote zenye dawa ubaki na nywele ya asili, kwa miezi kumi utakuwa na kama sentimita 8 au zaidi, ni nywele nzuri tu kwa sendoff, ukiziweka vizuri na hereni kubwa umemaliza. Ama uziache na usiguse blichi kabisa, ufanye ya kupunguza kwa kuosha halafu upake kahawia iliyokoza juu. Ya pili ni salama zaidi ila hutapata mwanga, itakuwa kahawia ya giza yenye uwekundu ukipigwa na jua.

Vyovyote utakavyochagua anza na kuosha. Hii haina gharama na watu wanaiona ya kijinga wakati nyekundu ndo rangi inayotoka upesi kuliko zote. Nunua shampuu ya mba, ya kawaida ya dukani, osha na maji ya vuguvugu mara mbili au tatu wiki hii, kila ukipaka iache dakika kumi kabla ya kusuuza. Baada yake kondishna nyingi. Na kama maji yenu ni ya kisima yale ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu, tumia ya dumu ya kununua au ya mvua kwa siku hiyo, maana madini ya yale maji yanaganda kwenye nywele na baadaye yanasumbua blichi.

mwl_kemia

Habari zenu. Mimi nafundisha kemia sekondari na mke wangu ana saluni ndogo kwa hiyo haya mambo yanazungumzwa sana mezani kwetu. Naomba niongeze kwa nini rangi haitoi rangi, maana ukielewa hutadanganywa dukani.

Rangi ya kudumu ikiwa kwenye chupa ni molekuli ndogondogo hazina hata rangi unayoitaka. Amonia inafungua magamba ya unywele, zile ndogo zinaingia ndani, peroksaidi inaziunganisha humo humo zinakuwa kubwa, ndipo rangi inatokea na haziwezi kutoka tena kwa sababu zimekuwa kubwa kuliko mlango ulioziingiza. Ukipaka rangi nyingine, amonia na peroksaidi yake vinashambulia weusi wa asili, zile za dukani zilizokwisha kuvimba haviziwezi vizuri. Ndiyo maana mashina ya binti yalibadilika na urefu ukabaki.

Kuhusu peroksaidi, namba za chupa zinawachanganya watu. Volumu 10 ni asilimia 3, volumu 20 ni asilimia 6, volumu 30 ni 9, volumu 40 ni 12. Hiyo volumu maana yake lita moja ya dawa hiyo inatoa lita 20 za gesi ya oksijeni, au 30, au 40. Wauzaji wengi ukisema unataka kutoa rangi wanakupa 40 wakidhani wanakusaidia. Kwa nyumbani isizidi 20.

Na kabla ya blichi yoyote kuna vitamini C. Saga vidonge vyeupe vya kawaida, kama vya miligramu 500 saga kumi na tano hivi, changanya na ile shampuu ya mba iwe uji mzito, paka kwenye nywele zenye unyevu, funika nailoni nusu saa hadi saa moja, osha. Vitamini C inazidhoofisha zile molekuli za rangi, haigusi weusi wako wa asili. Isitegemewe kutoa vyote, hasa rangi ya kudumu iliyokaa miezi, ila inashusha, na kila inachoshusha ni kazi ambayo blichi haitafanya. Usinunue vile vya kutafuna vyenye ladha ya chungwa, vina sukari na rangi, utabaki kunatanata.

zuhura_k

Mi nilitumia magadi soda ikatoka yote ndani ya siku mbili, na mayai mabichi kurudisha afya. Bei rahisi kuliko yote hayo.

mwl_kemia

Dada Zuhura magadi yanatoa ni kweli, ila yanafungua magamba ya nywele yakabaki yamesimama, nywele inakuwa kama katani, na nywele yetu ya kipilipili tayari ni kavu kwa asili yake. Kwa mtu anayetaka kuweka blichi wiki ijayo ni kumwanzishia uharibifu. Na mayai protini yake ni kubwa haiingii ndani ya unywele, inakaa juu tu. Mafuta ya nazi ndiyo yanaingia. Usiku wa kuamkia kazi paka ya kutosha funga kitambaa ulale nayo.

fundi_rangi_mza

Mwalimu asante umeniokoa kuandika. Hapo kwenye mafuta ya nazi nakubaliana kabisa, wateja wangu wote wa blichi nawaambia waje na nywele za mafuta hawajaosha, hata ngozi inakuwa na kinga.

binti_mbagala

Wapendwa nimerudi. Nimeosha mara tatu na shampuu ya mba, jana nikafanya ya vitamini C lisaa lizima. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kabisa kama nimeosha nyama, nikaogopa. Taulo langu la njano limekwisha. Ila kioo hakidanganyi, imeshuka, ile ya kuwaka haipo tena imekuwa kama tofali lililochomwa, na pale ambapo damu ya mzee ilikaa muda mrefu bado pana giza kidogo.

Nimekata ncha. Nimelia kidogo halafu nikaona uso wangu umefunguka. Fundi niambie hatua ya blichi sasa, niko tayari, nina elfu 21 imebaki.

fundi_rangi_mza

Hongera mdogo wangu, umefanya jambo la maana.

Sasa sikiliza vizuri. Nunua blichi ya unga pakiti moja, kichupa cha peroksaidi volumu 20, glavu, na tyubu moja ya rangi namba 6.1 au kama huipati 5.1. Hiyo namba ya kwanza ni giza, 1 ni nyeusi tii na 10 ni njano ya mwanga sana, na ile 1 iliyo baada ya nukta kwenye kampuni nyingi ndo ujivu. Usichukue yenye nukta 4 au 6, hizo ni shaba na nyekundu utarudi ulikotoka.

USIPAKE KICHWA KIZIMA KWANZA. Chukua kishungi kimoja nyuma ya sikio, kifunge na uzi, changanya kiasi kidogo sana kwenye bakuli la plastiki, lisiwe la chuma wala kijiko kisiwe cha chuma, blichi kijiko kimoja, peroksaidi vijiko viwili, shampuu vijiko viwili. Hiyo shampuu ndo inaituliza, sisi tunaita blichi ya sabuni. Paka kile kishungi tu, funika na karatasi ya foili, angalia kila dakika tano, usizidishe dakika 25. Andika dakika ngapi imefika chungwa. Osha, halafu kikiwa na maji kivute taratibu. Kikivutika kidogo na kurudi, una nywele. Kikivutika kama mlenda na kisirudi, unaacha, unapaka kahawia iliyokoza na unaenda sendoff yako salama. Paka pia rangi kidogo nyuma ya sikio jingine uache siku mbili uone kama ngozi itawasha, watu wanazoea kuruka hii kwa sababu waliwahi kupaka zamani hawakuwashwa, lakini mzio unaweza kuanza siku yoyote.

Siku ya kazi unaanza kwenye urefu wenye wekundu, kisogoni kwanza maana kule huchukua muda zaidi. Mashina usiyaguse, yale ya kutu yameshafunguka yenyewe na yana joto. Mafuta ya mgando kwenye paji na masikio. Uwe na mtu wa kukusaidia nyuma, dirisha wazi, simu iwe na saa. Ikianza kuchoma, sio kuwasha kidogo, kuchoma, unaosha hapo hapo hata kama ni dakika ya nne. Blichi isikauke kichwani, ikikauka imekufa inabaki kukuumiza tu.

kinyozi_temeke

Naongezea moja, baada ya hapo usiende kwenye drayer la moto wala pasi, acha zikauke na hewa. Nimenyoa vichwa vingi vya akina dada waliovumilia blichi wakaja kuuliwa na pasi siku hiyo hiyo.

binti_mbagala

Nimefanya jaribio leo asubuhi, vishungi viwili. Kimoja nilichukua nyuma ya sikio, na kingine ni kipande cha zile ncha nilizokata nilikuwa nimekiweka, nikataka kuona tu.

Kile cha kichwani dakika ya 5 hakuna kitu. Dakika ya 10 kimekuwa kama embe bolibo upande ule mwekundu wake. Dakika ya 20 chungwa kabisa, nikaosha. Nimekivuta kikiwa na maji kikarudi, ni kikavu ila kipo imara. Kile cha ncha zenye dawa nilikiacha dakika 20 hizo hizo, kulowesha tu kikawa laini kupita kiasi, nikashika huku na huku nikavuta, kikaendelea kuja kama tambi iliyokaa majini, halafu kikakatika katikati bila hata sauti. Nilikaa kimya pale bafuni. Ingekuwa kichwa kizima.

Ngozi haijawasha mpaka sasa, nasubiri itimie siku mbili.

mama_wawili

Ee Mungu. Nashukuru uliuliza mdogo wangu.

binti_mbagala

Jana Jumapili tumefanya, mdogo wangu alinisaidia kisogoni. Wekundu ulifika chungwa dakika ya 20 kama kwenye jaribio, sehemu mbili za damu ya mzee zilibaki na giza na fundi nilikumbuka ulisema pale ndo pa kusimama, nikasimama, sikuongeza. Nikaosha, kondishna, nikaacha zikauke na hewa, jioni nikapaka 6.1. Niliangalia dakika ya 10 kama zimenywa haraka, kweli zilikuwa zinameza, nikaosha dakika ya 18 badala ya kusubiri nusu saa ya kwenye karatasi.

Zimekuwa kahawia ya karanga iliyokaangwa. Hiyo ndo rangi yenyewe sijui niielezeje zaidi. Mashina yako sawa na urefu, zile sehemu mbili zina giza kidogo ila ukichambua kwa kitana zinaonekana kama nimefanya makusudi. Nimevaa gauni la kijani mbele ya mama, akasema sasa naliona gauni. Nimetumia elfu 26 na mia tano jumla yake na vitamini C, boksi la kwanza silihesabu.

Fundi, ile asali bado naitaka. Nikisubiri baada ya sendoff mwezi mmoja naweza kurudia?

fundi_rangi_mza

Safi sana, na hapo ulipoosha dakika ya 18 ndo umeonyesha umeelewa, nywele ikishapitiwa na blichi inakunywa rangi upesi, ukifuata karatasi inatoka nyeusi.

Asali mwezi mmoja hapana. Nipe miezi mitatu. Kila wiki stimingi na kondishna, mafuta ya nazi siku moja kabla ya kuosha, dawa ya kulainisha usiikaribie. Rangi ya ujivu itachujuka na chungwa itaanza kuchungulia baada ya kuosha mara kadhaa, usishtuke, paka tena 6.1 dakika kumi tu kwa peroksaidi volumu 10, usitumie blichi. Mwezi wa tisa nitumie picha ya nywele zikiwa zimeloa na zikiwa kavu, mchana nje, sio ya taa ya chumbani, nikuambie kama zinaweza.